Ma Bernadetta na Ghala Alilolifuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Bernadetta Kahigwa, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA wa Chuo cha Uuguzi na Ukunga Mwamalole, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya maandalizi iliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, na ikasisitiza usizidi ukurasa mmoja. Kuandika nimekubali. Kuhusu ukurasa mmoja, kamati inisamehe.

Hapa chuoni jina la Bi. Kahigwa hulioni sana nje ya barua za ofisi. Kuanzia Mkuu wa Chuo hadi walinzi wa getini, sote tunamwita Ma Bernadetta, kama wanavyoitana kwao Kamachumu, Kagera. Hata sisi Wasukuma, ambao hatuna desturi hiyo, tumeizoea kiasi kwamba mtoto wangu wa darasa la pili anaamini Ma ni cheo cha serikali.

Aliripoti kazini mwaka 1994 akiwa mpiga chapa. Chuo wakati ule kilikuwa na majengo mawili na mashine chache za kuchapa, na mojawapo haikuwa na herufi M, jambo zito kwa chuo kinachoitwa Mwamalole. Barua zilizotoka kwenye mashine hiyo alizijaza M zote kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri hata baadhi ya waliozipokea wakadhani hiyo ndiyo nembo yetu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilifunikwa kitambaa cha kudarizi na kukaa ofisini kwa Mkuu wa Chuo kama mgeni wa heshima, na hakuna aliyethubutu kuiwasha. Ma Bernadetta aliiwasha. Akaenda kozi, akarudi. Akasoma stashahada kwa masomo ya jioni. Akasoma shahada akiwa tayari na watoto watatu, na mumewe, Mwalimu Muganyizi, ndiye aliyekuwa akipika nyakati za mitihani. Mpaka leo Mwalimu anadai nusu ya shahada ile ni yake, na mwenye shahada hajawahi kukanusha.

Waliowahi kumpelekea kompyuta mbovu wanaujua utaratibu. Kwanza unasalimia, tena vizuri. Ukiingia na habari za mashine yako kufa kabla ya shikamoo, atakutazama tu mpaka urudi mlangoni uanze upya. Baada ya marahaba linakuja swali lake: "Uligusa nini mara ya mwisho?" Jibu, kwa miaka yote hiyo, halijabadilika: "Sijagusa kitu, Ma." Wahasibu hawajagusa kitu. Walimu hawajagusa kitu. Padre mlezi wa wanafunzi alikuja na laptopu iliyomwagikiwa uji wa ulezi mpaka kibodi inanata, naye hakuwa amegusa kitu. Ma Bernadetta hakumbishia mtu hata siku moja. Alisema tu, "Haya, tukitafute pamoja kilichojigusa chenyewe," akavuta kiti.

Nisipotaja senene, watu wa uhasibu watasema nimezibwa mdomo. Chumba cha seva ndicho chumba pekee hapa chuoni ambacho kiyoyozi chake hakizimwi, na msimu wa senene ndugu zake wa Kagera wakimtumia ndoo ya panzi hao watamu, ilijulikana ndoo hiyo inalala wapi. Mwaka mmoja wakaguzi wa ndani waliikuta juu ya kabati la seva ikiwa imeandikwa VIPURI kwa herufi kubwa. Mkaguzi aliifungua, akamtazama. Ma Bernadetta alimweleza kwa utulivu kwamba hivyo ni vipuri vya mafundi. Taarifa ya ukaguzi ilipendekeza vipuri vya aina hiyo vihifadhiwe mahali pengine, ingawa mkaguzi mwenyewe aliondoka na mfuko.

Kilichomfanya ajulikane nje ya kuta za chuo, hata hivyo, ni ghala lake. Kwa wasio wa fani yetu niseme hivi. Ndani ya kompyuta kuna vifaa vingi: cha sauti, cha picha, cha mtandao, na kadhalika. Kila kifaa kinahitaji programu yake ndogo ya kukiendesha, ambayo sisi mafundi tunaiita draiva. Ukisimika mfumo endeshi bila draiva sahihi, kompyuta itawaka lakini itakuwa bubu, au haitaona mtandao. Siku hizi draiva unaipakua kabla chai haijapoa. Zamani zile intaneti ilikuwa mjini, kwenye vibanda vya kulipia kwa saa, na draiva moja ilikula nusu siku, halafu umeme ukakatika ikiwa imebaki kidogo. Kwa hiyo Ma Bernadetta akiipata draiva hakuitupa. Alizihifadhi kwenye disketi, zikahamia kwenye CD, mwisho zikakaa kwenye diski kubwa ya nje aliyoishonea mfuko wa kitenge, na hilo ndilo tuliloliita ghala.

Mafundi wa maduka ya Igoma, hapa Mwanza, walilijua. Wa viwanda vya Nyakato walilijua. Walikuja kutoka Misungwi, wakavuka kwa kivuko kutoka Sengerema, kuja kuchota. Hakumtoza mtu. Alikuwa na sharti moja, kwamba anayechota na amwage. Ukichukua draiva, unaacha nyingine ambayo ghala halina. Anasema alilirithi kwa mama yake, aliyekuwa akifanya hivyo kwa mbegu za maharage: akikupa za kwake, ukivuna unamletea za aina nyingine. Fundi Chenge wa Igoma ameniambia kwamba bila ghala lile duka lake lisingefika mwaka wa pili. Na ziko shule za kata kandokando ya ziwa hili ambazo kompyuta zake zilipata sauti na mtandao kutokana na diski iliyovaa kitenge, wala hawamjui aliyeishona.

Sasa nieleze habari ya mwaka 2023, ambayo wengi wenu mnaijua nusu.

Mwaka ule iliamuliwa kwamba mtihani wa mwisho wa wanafunzi wetu ufanyike kwa kompyuta, na kila kituo kikaguliwe kwanza. Kituo kikishindwa, wanafunzi wake wanapelekwa kwingine. Wa kwetu wangepelekwa Tabora. Laptopu zetu, zawadi ya marafiki wa chuo, zilicheleweshwa bandarini zikatufikia ukaguzi ukiwa unabisha hodi, nazo zilikuwa tupu kabisa, hazina mfumo wowote ndani.

Kuzisimika moja moja kwa mkono kusingewezekana. Tukaandaa usimikaji unaojiendesha. Unaziunganisha laptopu kwa waya kwenye seva, unaziwasha, nazo zenyewe zinavuta mfumo endeshi, zinajichagulia draiva zinazozifaa, zinajizima, zinajiwasha, na wewe umekunja mikono unatazama. Ili zisikose kitu, tuliliweka ghala zima kwenye seva. Tulijisikia sana. Tuliamini hapakuwa na seva iliyoshiba kama yetu Mwanza nzima.

Zikaanza vizuri. Zilipofika hatua ya kuandaa vifaa, moja ikaleta skrini ya buluu, ishara ya mfumo kuanguka, ikajizima, ikajiwasha, ikaleta buluu tena. Ikafuata ya jirani yake. Mwishowe karibu nusu ya laptopu ukumbini zilikuwa za buluu na nusu zimemaliza salama, ilhali zote zilitoka kwenye maboksi ya aina moja na zina jina moja mgongoni.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Josephat, fundi mwenzetu, alishikilia kwamba tatizo ni umeme: "Ma, viwanda hivi vikiwasha mashine zao, sisi huku tunayumba." Mimi niliapa kwamba ni RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda. Mhasibu alisema ni feki, kwani kitu cha bure kina nini. Mwalimu Modesta wa ukunga akapendekeza tuombe. Ma Bernadetta akakubali, tukaomba, na baada ya amina akatutaka wote tukae mbali na swichi.

Mchana ule ule akaja Queen, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Ukerewe. Alikuwa amejifungua miezi michache nyuma, na mama yake mzazi alikuwa amekuja kumsaidia kulea, wakipanga chumba Igoma. Alisimama mlangoni akizitazama zile skrini. "Shikamoo Ma," alisema. "Nimekuja kuuliza kama nianze kutafuta pa kufikia Tabora. Mtoto hataki chupa, siwezi kumwacha, na safari ile kwake ni ndefu. Ikishindikana itabidi nirudie mwaka." Sisi wengine tulikimbilia kumpa moyo, kwamba asijali, kila kitu kitakuwa sawa. Ma Bernadetta hakusema hivyo. Alimwitikia, akamwambia, "Bado sijajua, mwanangu. Nikijua nitakuja mwenyewe kukuambia." Queen alishukuru akaondoka, na ukumbi ukapoa, maana sasa tatizo lilikuwa na sura.

Kanuni ya Ma Bernadetta kazini ilikuwa kubadili kitu kimoja kisha kutazama. Alichukua laptopu mbili tu, moja iliyomaliza na moja iliyokwama, akaziweka mezani kwake. Akazibadilishia soketi za umeme, na iliyokwama ikakwama tena. Hoja ya Josephat ikafa. Akazibadilishia RAM, ikawa vile vile. Yangu nayo ikaifuata. Kisha akafanya jambo ambalo sisi hatukulifikiria kabisa: aliisimika ile iliyokwama bila kuipa ghala. Ikamaliza. Haikuona mtandao wala haikusikia kidole, lakini ilimaliza, bila buluu yoyote. Tulipiga makofi. Yeye hakupiga, kwa sababu alikuwa ameshaelewa maana yake.

Kompyuta ikianguka huacha kumbukumbu ndani yake ya mahali ilipojikwaa. Aliisoma, akakuta jina la draiva ya kadi ya mtandao. Ndipo tukagundua kwamba laptopu zetu zilifanana kwa nje tu. Kiwandani nusu ziliwekewa kadi ya aina nyingine. Draiva sahihi ya kadi hiyo tulikuwa nayo. Lakini ghalani ilikuwamo nyingine ya kale, ambayo mtu fulani aliimwaga miaka iliyopita baada ya kuichezea ili ikubaliwe na mashine yake, na katika kuichezea akaiandikia tarehe ya mbele. Mfumo ukikuta draiva mbili zinazodai kukifaa kifaa kimoja, unaiamini ile inayojiita mpya. Tukaitoa. Laptopu zikasogea hatua kidogo, zikaangukia kwenye draiva nyingine, ya padi ya kugusia, nayo ilikuwa na asili ile ile.

Hapo ndipo wote tuliona mtego ulipo. Sharti la kila anayechota amwage lilikuwa limemlazimisha asiye na kitu kizuri alete chochote alicho nacho, kwa sababu Mtanzania akishasaidiwa haondoki bila kuacha kitu. Ghala lililowasaidia watu wengi hivyo lilikuwa limejaa shukrani za watu ambao mizigo yao haikufunguliwa. Tungeweza kuendelea kuziwinda moja baada ya nyingine, na mkaguzi wa mitihani angetukuta bado tunawinda.

Ma Bernadetta aliweka mkono juu ya ule mfuko wa kitenge. Kisha akamwagiza Josephat apakue upya, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, draiva za laptopu zile tu, za kadi zote mbili, basi. Zikawekwa kwenye folda ndogo, ndogo ya kuonea haya ukikumbuka tulichokuwa nacho. Ghala likatolewa kwenye seva. Tukaanza usimikaji upya, na laptopu zikamaliza, zote, pamoja na zile zilizokuwa zimegoma tangu mwanzo. Watu walikuwa bado wanashangilia wakati yeye anachukua mkoba wake na kupanda bodaboda kwenda Igoma. Alikuwa na mtu wa kumwambia.

Aliporudi, aliichomeka diski yake kwenye kompyuta na kutuita. Josephat alipoelewa anachotaka kufanya, alimsihi aache hata nakala moja, kwa tahadhari tu. Akamjibu, "Nikiiacha mtaichota. Na mimi mwenyewe nitaichota." Akaifuta. Kufuta kulichukua muda, maana ghala lilikuwa kubwa, naye alikaa hapo mpaka mwisho kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni hadi barabarani. Niseme wazi kwamba niliumia. Mle ndani zilikuwamo siku zake za foleni mjini, disketi alizozibeba kwenye pochi pamoja na nepi za mwanawe wa mwisho, na heshima aliyopewa na mafundi wa mji huu. Mtu mwingine angetafuta njia ya kulitetea. Yeye aliuliza tu kama kuna mtu ana chai.

Tangu hapo kitengo chetu kinaweka folda moja safi kwa kila aina ya laptopu, na hakuna kinachoingia humo kabla hakijajaribiwa kwenye mashine ya majaribio. Mafundi wa Igoma na Misungwi bado wanakuja. Bado wanamwaga pia, maana desturi haifi kirahisi, ila sasa tunakijaribu walicholeta mbele ya macho yao, na mara mbili tatu Fundi Chenge amelazimika kurudi na mzigo wake. Vyuo vingine viwili vya kanda yetu vimeiga utaratibu huu. Ongeza hapo mtandao wa mabwenini aliousimamia tangu mtaro wa kwanza, mafundi aliowafundisha ambao leo ni wakuu wa vitengo kwingineko, na tuzo ya mfanyakazi bora ya Mei Mosi, ambayo cheti chake alikiazima kuzibia dirisha la chumba cha seva kioo kilipovunjika, nacho hakijarudi ukutani hadi leo.

Wengi tulidhani akistaafu atarudi Kamachumu. Kumbe yeye na Mwalimu Muganyizi wamenunua shamba Misungwi, na anasema atapanda migomba. Sisi wenyeji tumemweleza kwa upendo kwamba ardhi ile inajua mihogo na pamba. Amejibu kwamba ardhi haijaulizwa vizuri. Tunausubiri mkungu wa kwanza, na tumejiandaa kwa yote mawili, kuomba radhi na kucheka.

Nimalizie na siku ya mtihani wenyewe. Ukaguzi ulikuwa umepita vizuri. Kwa kanuni, fundi haruhusiwi kuingia kwenye chumba cha mtihani mpaka msimamizi amwite, yaani mpaka kitu kiharibike. Ma Bernadetta alikaa kwenye benchi nje ya mlango, mkoba wa vifaa miguuni. Mama yake Queen naye alikuwa pale na mjukuu, ili binti yake amnyonyeshe kabla ya kuingia na akitoka. Mtihani ulipoanza yule mama alionekana amechoka sana, na Ma Bernadetta akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Mtoto alimtazama, akafikiria kulia, akaghairi, akalala.

Josephat na mimi tulisimama kando roho mkononi. Kila mlango ulipotoa sauti tuliruka. Yeye hakuruka, asingeweza, angemwamsha mtoto. Ndani zilisikika kibodi tu. Mtihani ukaendelea, ukaenda, ukaisha, na hakuna aliyemwita. Queen alitoka akijinyoosha vidole, akampokea mwanawe, akasema, "Ahsante sana Ma, hakukusumbua?" Akaambiwa hakusumbua kabisa. Alipita ule mtihani, na leo ni muuguzi kwenye zahanati huko huko Ukerewe.

Nimefikiri sana kuhusu benchi lile wakati naandika haya. Kazi ya mwenzetu huyu, kwa miaka yote hii, ilikuwa kuhakikisha kwamba haitwi. Alipoifanya vizuri hatukumwona, na kwa sababu hatukumwona hatukumshukuru. Tulimkumbuka siku za buluu tu.

Basi Ma Bernadetta, shukrani hizi zimechelewa, zipokee hivyo hivyo. Ahsante kwa kila asubuhi ambayo tuliwasha kompyuta zetu, zikawaka, tukaendelea na kazi bila hata kukuwaza. Mungu akujalie afya wewe na Mwalimu, akupe mvua kwa wakati wake na majirani wema. Nasi tunakupa kile ambacho hatukuweza kukupa ulipokuwa nasi: keti, pumzika, hatutakuita.

Ndalahwa,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, Kitengo cha TEHAMA